Chapa za mbao hazihitaji Dar es Salaam

Ingia sebule za mjini Tabora, iwe Kiloleni, Ng'ambo au Cheyo, na utazame ukutani. Utakuta kalenda ya benki ya mwaka juzi iliyoachwa kwa sababu ya picha yake, utakuta Makka au Bikira Maria, halafu utakuta bango la plastiki lenye maporomoko ya maji ya nchi ya theluji, au bakuli la matunda ambayo hapa hayaoti. Picha za ibada sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na yale maporomoko. Mji huu umezungukwa na miombo, una miembe iliyoanza kupandwa enzi za misafara ya karne ya 19, una boma la Wajerumani na tembe la Kwihara, na bado ni nadra kukuta picha ya kununua inayoonyesha mti wetu au nyumba yetu.

Wachoraji wapo, tena wenye mkono mzuri. Tatizo ni wanachochora: twiga, Mmasai na mkuki, Kilimanjaro wakati wa machweo. Ni picha za kumuuzia mtalii, na mtalii hashuki kwenye treni Tabora. Kwa hiyo picha inapelekwa Dar au Arusha kwa mtu wa kati, ikajipange na mamia ya twiga wenzake.

Hoja yangu ni kwamba sanaa inayoufaa mji kama huu ni chapa, hasa chapa ya mbao, na kwamba wasanii wa chapa wa siku hizi wanaoshughulika na maumbile na majengo wana la kutufundisha. Sisemi tuige mitindo yao. Nazungumzia jinsi walivyokubali kwamba mti na nyumba si mada tu ya kutazamwa kwa mbali, ni vitu vinavyoweza kuingia vyenyewe kwenye kazi.

Kwa asiyewahi kuiona ikifanyika, chapa ya mbao ni ndugu wa mhuri wa ofisi ya mtendaji. Unachora kwenye ubao, unachimba kwa patasi ndogo sehemu zisizotakiwa kushika wino, unaziacha zimesimama zile zinazotakiwa. Unapaka wino kwa rola, unalaza karatasi, unasugua mgongo wake kwa kijiko cha mbao, unabandua taratibu. Kilichokuwa kulia kimekuja kushoto. Ukitaka kuandika jina la stesheni yetu chini ya picha, T, A na O hazitakusumbua, ila B na R usipozichonga kinyume zitakuaibisha. Zipo njia nyingine: linoleamu, ile ya kutandika sakafuni, ambayo ni laini kuliko mbao, bamba la shaba au zinki linaloliwa na asidi, jiwe, na skrini, ile wanayotumia wachapaji wa fulana za harusi na za kampeni. Zote ni jamii moja, lakini ya mbao ndiyo haidai umeme, kemikali wala mashine.

Nianze na mti.

Bryan Nash Gill, Mmarekani aliyefanyia kazi jimbo la Connecticut na kufariki mwaka 2013, aliifikisha chapa ya mbao mahali ambapo msanii mwenyewe anakaribia kutoweka. Alichukua magogo yaliyoanguka au kutupwa, akayakata kwa upana, akalainisha uso kwa msasa, kisha akauchoma kidogo kwa moto ili sehemu laini ziungue na ngumu zibaki zimeinuka. Akasugua masizi, akapaka shelaki, akapaka wino. Karatasi aliibonyeza kwa vidole, pete baada ya pete. Hakuchora kitu. Kinachoonekana ni miaka ya mti, na ufa, na mahali tawi lilipokatika na gamba likafunika jeraha.

Wazo hilo lihamishie kwenye miombo. Wengi tumezoea kuambiwa kwamba miti ya kwetu haina pete za kuhesabika kwa kuwa hatuna majira ya baridi. Kwa mtundu, mti unaojaa kwenye miombo yetu, si kweli. Tabora ina kiangazi kimoja kirefu, kuanzia Mei hadi Oktoba hivi, na mti unaposimama kukua katika kiangazi hicho unaacha alama ndani ya shina. Wataalamu waliopima pete za mtundu katika miombo ya magharibi mwa Tanzania walikuta ukuaji wake unafuata mvua. Maana yake, kipande cha gogo la mtundu kikipakwa wino kinaweza kutoa karatasini masika za Unyamwezi mwaka hadi mwaka, pamoja na ile miaka mibaya ambayo wazee bado wanaitaja kwa majina yake. Mchoraji wa brashi, hata awe hodari vipi, hawezi kuipata picha hiyo. Ipo tayari ndani ya mti, inangoja msumeno.

Mninga una tabia nyingine. Ukiuchanja gome ukiwa hai unatoa utomvu mwekundu kama damu, na mbao yake ina vitundu vikubwa. Kwa mchonga mistari myembamba vitundu hivyo ni adui, kwa sababu mstari unabanduka na wino unaruka. Lakini ukiacha kupigana navyo, vinajaza eneo jeusi nukta ndogo nyeupe, na eneo hilo linapumua. Anayetaka mistari ya unywele ajaribu mpingo, mti uleule unaotengenezewa klarineti, uliosongamana na kuwa mzito hata maji hauelei.

Kwenye karakana moja ya samani hapa mjini, vipande vilivyobaki vilikuwa vimerundikwa kando ya mlango.

"Shikamoo, mzee. Hivi vipande mnavipeleka wapi?"

"Marahaba. Hivyo? Mama ntilie anavipitia jioni. Kuni hizo."

"Nikitaka kimoja cha kuchapia picha?"

"Chagua tu, mwanangu. Picha ya nini lakini?"

Kabla sijajibu alikiokota kimoja, akalowesha kidole gumba kwa mate na kukisugua. Mistari ikatoka, ya kahawia na ya karibu na nyekundu, ikizunguka kifundo kilichomkera asubuhi hiyo kwa sababu kiliharibu mguu wa kiti. Akanionyesha kifundo hicho kana kwamba ananisemea mtoto mtundu. Shilingi hakupokea.

Nasisitiza mabanzi na vipande vya karakana kwa makusudi. Miombo ya Tabora ina maadui wa kutosha kwenye tanuri za mkaa na kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Msanii asijiongeze kwenye foleni akidai anapenda maumbile.

Fred Mutebi wa Uganda anafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu anatoka upande wetu wa dunia. Anachapa rangi nyingi kwa kutumia ubao mmoja. Anachonga kidogo, anachapa rangi ya kwanza kwenye nakala zote, anachonga tena ubao uleule, anachapa rangi ya pili juu ya ile ya kwanza, hivyo hivyo mpaka ubao umekwisha. Akikosea rangi ya nne, nakala zote zimekwenda na hawezi kurudi ya tatu kwa sababu ubao wa rangi ya tatu haupo tena. Mutebi amefanya kazi pia na watengenezaji wa lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ufundi wa Baganda ambao UNESCO iliutangaza kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005. Kwetu gome la mti tunalijua kwa mizinga ya nyuki, na kwa vilindo vya kuhifadhia nafaka ambavyo vijana wa leo wanavikuta makumbusho. Sijaona mtu akijaribu kuchapa juu ya gome la mzinga mkuukuu. Linapinda, lina nta, lina harufu. Pengine wino usishike. Ajaribu mtu basi tujue.

Yupo pia Emma Stibbon, Mwingereza anayechora na kuchapa barafu zinazoyeyuka na volkano, ambaye huchanganya majivu au udongo wa mahali husika kwenye kazi yenyewe. Na Christiane Baumgartner wa Leipzig, aliyezaliwa mwaka 1967, anayechukua picha za video, mara barabara kuu, mara msitu, akazigeuza mistari ya kulala na kuichonga kwa mkono kwenye ubao mkubwa. Kilichoonekana kwenye kamera kwa sehemu ya sekunde kinaweza kumla miezi. Anayeuliza kwa nini mtu achonge wakati simu inapiga picha bure, jibu liko kwa mama huyu: simu inakubali kila kitu kilicho mbele yake, patasi inakulazimisha uamue kipi kibaki na kipi kiondoke. Na yeyote aliyekaa dirishani kwenye treni ya Kigoma, miombo ikipita mpaka mashina yakawa michirizi, anazijua picha za Baumgartner kabla hajaziona.

Kuna upande wa sanaa hii usionivutia, na niuseme. Ulaya imejaa chapa za majani na maua, safi, nadhifu, zinazofaa kadi za pole na vikombe vya chai. Nimetazama nyingi na nashindwa kuikumbuka hata moja. Mti umefanywa pambo. Hatari hiyo iko hapa pia: siku tutakapoanza kuchapa mibuyu na miembe kwa ajili ya ukumbi wa hoteli, tutakuwa tumehamisha tu maporomoko ya theluji na kuweka maporomoko ya nyumbani.

Kwenye majengo jambo ni gumu zaidi, na ndiko ninakotaka kukaa.

Zarina Hashmi, aliyependa kutumia jina la Zarina peke yake, alizaliwa Aligarh, India, mwaka 1937 na akafariki London mwaka 2020 baada ya maisha ya kuhamahama. Alisoma hisabati kabla ya kuwa mchapaji, na inaonekana. Mwaka 1999 alitoa mfululizo wa chapa 36 za mbao juu ya nyumba: mlango, kizingiti, ua na mengine ya namna hiyo. Kila moja ina mistari michache myeusi, na neno la Kiurdu. Alichapa pia ramani ya chini ya nyumba ya baba yake, vyumba na ua, nyumba ambayo familia haikuwa nayo tena. Kugawanywa kwa India na Pakistani mwaka 1947 kulizitawanya familia nyingi za Kiislamu za kaskazini mwa India, yake ikiwamo. Kwenye chapa zile hakuna paa zuri wala machweo. Kuta zimelala chini zikawa mistari, na ukizitazama unaanza kutembea mle ndani: hapa mlango, hapa ua, huku walilala kina nani?

Swali hilo nalipeleka Kwihara, kilomita chache kutoka mjini. Tembe lile lina kuta nene za udongo, paa bapa, vyumba vimezunguka ua, na mlango wa nakshi uliochongwa kwa namna ya pwani. Wageni wengi wanapiga picha mlango. Nakshi zake ni nzuri kweli, na mchongaji wa chapa atazipenda mara moja, kwa sababu ni kazi ya patasi kama yake: kilichoinuka na kilichozama. Naweza kuapa kwamba chapa ya kwanza ya Kwihara itakayouzwa itakuwa ya mlango.

Ninaomba isiwe. Nyumba ile ni ya njia ya pembe na watumwa. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo ya kati kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia, ikiwa na vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Tunachokumbuka sisi ni kwamba Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872 akisubiri wapagazi, akaondoka Agosti 25. Jina la mgeni aliyepitisha miezi kadhaa limefunika majina ya waliobeba mizigo miaka yote. Chapa ya mlango itayafunika zaidi, maana mlango mzuri haumuulizi mtu kitu. Chapa ya ramani ya chini ya tembe, vyumba na ua tu, ingeuliza nani alilala chumba kipi, na nani hakuwa na chumba.

Boma nalo ni hivyo hivyo. Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua kwa baruti ndani ya ngome yake asichukuliwe hai na Wajerumani. Boma linalopendeza kwenye picha leo lina mizizi katika ushindi ule. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ilijengwa kwa mikono ya Waafrika, Wanyamwezi wakiwa wengi, na stesheni zake ni za kuvutia mpaka leo. Sisemi zisichorwe. Nasema anayechora aamue anasimama wapi.

John Muafangejo wa Namibia, aliyefariki mwaka 1987, alilitatua hilo kwa njia ya moja kwa moja: aliandika ndani ya picha. Chapa zake za linoleamu zina sentensi nzima nzima, zimechongwa pamoja na watu, wanyama na majengo, nyeusi juu ya nyeupe. Kwetu hilo si geni hata kidogo. Kina mama wa Tabora wamefunga khanga zenye pindo, mji na jina tangu zamani, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba maneno yameharibu picha. William Kentridge wa Afrika Kusini anafanya kinyume chake, anachapa miti, ndege na vyombo juu ya kurasa za kamusi na ensaiklopidia za kale, mti unasimama juu ya maarifa ya watawala na kuyazuia yasisomeke vizuri. Vitabu vya mahesabu ya vyama vya ushirika vya tumbaku vya miaka hiyo, vile vilivyooza makabatini, vingekuwa karatasi nzuri ya kuchapia mtundu. Hilo ni wazo la bure, anayelitaka alichukue.

Anne Desmet, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1964, anachonga majengo kwenye kipande kigumu cha mti kilichokatwa kwa upana, ambako patasi haifuati nyuzi za mbao na mstari unaweza kwenda upande wowote. Mnara wa Babeli ameurudia mara nyingi. Kisha anazikata chapa zake vipande na kuzibandika upya, hata juu ya vigae na vyombo vilivyovunjika, mpaka Roma au London inaonekana inajengwa na kubomoka kwa wakati mmoja.

Nikimtazama Desmet nafikiria vichuguu. Toka mjini kidogo, upande wowote, utavikuta, vingine virefu kuliko mtu, vimeota majani mgongoni. Udongo wake unashikana vizuri na ndiyo maana wafyatua matofali wanaupenda. Kichuguu kilichochimbwa nusu ni mchoro uliokwisha tayari. Upande mmoja umekatwa wima kwa sururu na koleo, mikwaruzo ya chuma imelala mshazari. Ndani yake vinaonekana vijia na vyumba vidogo, kuta nyembamba kama kadi, matundu meusi yasiyo na mwisho. Upande wa pili bado mzima, mchwa wanaendelea na kazi kana kwamba hawajapata taarifa. Hatua kumi kutoka hapo limepangwa tanuri la matofali, nalo lina matundu yake ya moto chini, na juu limepakwa udongo uleule. Miezi kadhaa baadaye ni nyumba ya mtu. Ikihamwa, mvua tatu nne zinatosha kwa mchwa kurudi kuanza na fremu za milango.

Mahali pengine maumbile na majengo ni mada mbili ambazo msanii anaziunganisha kwa nguvu. Stesheni ya reli ya kisasa pale Dar, kwa mfano, imepewa umbo la kukumbusha tanzanite, na wasanifu wake wamesifiwa kwa hilo. Kwenye kichuguu hakuna aliyehitaji kubuni mfano. Udongo ni ule ule. Tena jua la saa sita la Tabora limeshaondoa rangi za kijivu. Mwanga ni mweupe, kivuli ni cheusi, na ubao wa kuchapia haujui kitu cha tatu.

Sasa nije kwenye swali la mji. Vijana wenye kipaji wanaambiwa waende Dar. Kwa mwanamuziki au mwigizaji labda ni kweli. Kwa mchapaji, historia ya bara hili inasema vingine. Rorke's Drift, kituo cha sanaa cha Afrika Kusini ambako Muafangejo na mchapaji mwenzake Azaria Mbatha walisoma, iko mashambani KwaZulu-Natal, mbali na Johannesburg na mbali na Cape Town. Wasweden wawili, Peder na Ulla Gowenius, waliianzisha mwaka 1962 chini ya kanisa la Kilutheri. Shule yake ya sanaa ilifunguliwa mwaka 1968 na kufungwa mwaka 1982, na katika muda huo mfupi, katikati ya ubaguzi wa rangi, kipande cha linoleamu cha bei ndogo kilizaa baadhi ya chapa muhimu kabisa za karne iliyopita Afrika. Bruce Onobrakpeya wa Nigeria, aliyezaliwa mwaka 1932, alikuwa tayari na jina kubwa Lagos alipoanzisha warsha ya Harmattan mwaka 1998. Hakuiweka Lagos. Aliipeleka kwao Agbarha-Otor, jimbo la Delta, na wasanii wakamfuata huko.

Sababu si mapenzi ya kijiji. Mchapaji anahitaji nafasi, kodi ndogo, na siku ndefu zisizo na foleni. Na kazi yake inasafiri kirahisi. Mchoro mkubwa wa turubai unadai fremu, sanduku na ukumbi wa maonyesho. Chapa inaviringishwa, inaingia kwenye bomba la plastiki, inakabidhiwa kwa wakala wa basi jioni na kesho iko Dar. Nakala nyingine ya chapa hiyohiyo iko Mwanza, na nyingine imebaki ukutani Tabora.

Tanzania nayo iliwahi kuwa na kitovu cha chapa. Nyumba ya Sanaa ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, Mmarekani wa shirika la Maryknoll, na vijana waliopitia hapo, akiwamo Robino Ntila, walijifunza kuchapa kwa mabamba na kwa mbao. George Lilanga naye alipita pale. Kazi zilikuwa nzuri, ila ziliegemea mno wageni waliokuwa wakifanya kazi jijini. Soko la namna hiyo linaondoka na ndege.

Wala isidhaniwe kwamba Tabora haiujui wino. Kipalapala, nje kidogo ya mji, uchapaji wa T.M.P. wa Kanisa Katoliki ulitoa vitabu vya Kiswahili kwa miongo mingi, vikasomwa nchi nzima. Mji uliokuwa ukichapa kwa ajili ya taifa unashindwaje kuchapa picha ya mti wake?

Vifaa vipo. Karatasi ya kaki ya kiwanda cha Mgololo inafaa kwa majaribio, na kwa kazi ya kuuza itaagizwa nzito kutoka Dar. Wino wa mashine za ofseti unapatikana kwa wachapaji wa kadi za harusi. Patasi ndogo fundi chuma anaweza kuzitengeneza kutokana na mbavu za chuma za miavuli, ambazo kiasili zina umbo la mfereji. VETA wanafundisha useremala, na sekondari zipo zenye wanafunzi wanaochora madaftari yote. Kinachokera kuliko vyote ni vumbi la Septemba, linalotua kwenye wino mbichi na kukataa kutoka. Chapa wakati wa mvua.

Mteja ndiye kazi. Pingamizi nitakalokutana nalo nalijua: kama zipo nakala 20, hiyo si kopi tu? Kwa nini nilipie kopi? Wachapaji duniani kote wanajibu kwa namba. Chini ya kila chapa, kwa penseli, msanii anaandika 3/20, maana yake ni ya tatu kati ya 20, anaweka sahihi, na ya 21 haitakuwepo. Fikiria nakala moja inauzwa shilingi 40,000. Mwalimu anaweza kuinunua mwisho wa mwezi akijipanga, na zikiisha zote msanii ana 800,000 kwa ubao mmoja. Mchoro mmoja wa mafuta wa bei hiyo ungekaa dukani ukimsubiri mgeni. Halmashauri, nyumba za wageni na ofisi za mikoa zinanunua mapambo kila mwaka; reli ya kisasa ikifika itakuja na kuta mpya tupu. Nani ataombwa kuzijaza ni jambo la kuanza kuulizia sasa, kabla zabuni haijatoka na tukaletewa twiga.

Lakini namba ni ahadi, na ahadi inahitaji ushahidi. Desturi ya wachapaji wengi ni kuchonga mstari wa mkwaju katikati ya ubao nakala ya mwisho ikishatoka, ili asije mjukuu au mjanja akachapa nyingine. Naielewa desturi hiyo na bado kwa ubao wa mninga inaniuma. Ningependekeza wachapaji wa Tabora wakubaliane hivi: ubao ukwaruzwe, ndiyo, pembeni, mkwaruzo mmoja wa kina unaoonekana kwenye chapa yoyote itakayofuata, kisha upelekwe shule ya sekondari iliyo karibu. Wanafunzi wachape humo watakavyo, na mkwaruzo ukiwamo, bila namba, bila sahihi, bila kuuza.